Mama Kura na Wifi Yake wa Kihesa

Mwaka 1958, habari za kupiga kura zilipoanza kuzungumzwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, wazee kadhaa walidhani kwamba jambo hilo limeanzishwa na mama mmoja wa mlimani. Kwao neno kura lilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe aliitwa Tupokigwe, mke wa Abrahamu seremala, na kwa muda wa miaka tisa hakuna aliyemwita kwa jina hilo isipokuwa mumewe na mchungaji. Wengine wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mama Kura.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya mtungi. Mwaka 1949 watoto wake wawili wa kwanza, Lusia na Lutengano, waligombania zamu ya kwenda mtoni. Kila mmoja alishika mdomo wa mtungi akimsukumia mwenzake, na mtungi ukaanguka ukapasuka. Ulikuwa mtungi alioachiwa na mama yake mzazi. Tupokigwe hakumpiga mtoto. Aliokota vigae vyote, akavipanga ukutani kimoja kimoja, kisha akakaa siku nzima akifikiri. Asubuhi ya pili, baada ya sala, alileta kibuyu alichokikata shingo kiasi cha kupitisha mkono wa mtoto bila kupitisha jicho. Ndani yake alikuwa ametia punje nne za maharage. Nyekundu pana ilikuwa ya kuteka maji. Nyeupe ndogo ya mviringo ilikuwa ya kuni. Nyeusi ilikuwa ya kufagia nyumba na uwanja. Ile ndefu yenye madoadoa ilikuwa ya jikoni: kumenya viazi, kuchochea moto na kuosha vyombo.

“Kila mtu atie mkono atoe moja,” alisema. “Atakayelalamika, amlalamikie Yeye anayeiongoza kura.”

Wakati huo watoto wenye umri wa kutumwa walikuwa watatu, yaani Lusia, Lutengano na Sedekia mdogo. Punje iliyobaki kibuyuni ilikuwa ya mama mwenyewe, naye akaifanya kazi hiyo. Baadaye kitinda mimba, Andendekisye, alipofika umri wa miaka sita, punje zikatosha watoto wanne na mama akabaki msimamizi.

Habari hiyo ilimfikia Mzee Saulo, mzee wa kanisa, naye akapanda mlima kuja kuonya.

“Mama, nasikia nyumbani kwako asubuhi kuna kamari.”

“Si kamari, Mzee. Katika kamari mtu hushinda. Hapa hakuna anayeshinda, wote wanafanya kazi.”

“Lakini kura, Mama. Mbele ya watoto.”

“Mitume walipotaka mtu wa kushika nafasi ya Yuda, walifanyaje?”

Mzee Saulo aliomba maziwa, akanywa, akashuka. Yeye ndiye aliyelieneza jina lile, kwani aliisimulia habari hiyo kila alikopita, na kila mara alijipunguzia kushindwa kidogo.

Kura ilifanya kazi yake. Katika nyumba ile haukusikika tena ugomvi wa asubuhi. Majirani waliokuwa wakipiga kelele tangu alfajiri wakiwatafuta watoto wao vichakani walimwonea gere Tupokigwe. Yeye naye, ingawa kanisani aliimba juu ya unyenyekevu kwa sauti ya juu kuliko wenzake, alijua kwamba anaonewa gere na hakuchukia. Watoto wake hawakuwa na furaha kazini, lakini hawakubisha. Walifanya kazi kama watu wanaolipa kodi.

Tena kulikuwa na jambo moja alilolihesabu kuwa zawadi yake ya siri. Siku nne katika tano, punje ya madoadoa ilimwangukia Lusia. Binti huyo hakuwa msemaji. Alikuwa akikaa kwenye kigoda upande wa pili wa mafiga akimenya viazi, na ganda lilitoka jembamba kama karatasi, pengine saa nzima ilipita bila wao kuambiana zaidi ya “nipe kisu” na “ongeza kuni.” Tupokigwe aliyapenda masaa hayo kuliko sikukuu. Aliamini kwamba Mungu, aliyeona mtungi wa mama yake ukipasuka, amemfidia kwa kumleta binti yake jikoni.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Juni mwaka 1954, alipokuja Matilda.

Matilda alikuwa dada yake Abrahamu. Ndugu hao walikuwa watu wa Iringa. Abrahamu alihamia Mbeya kufuata kazi ya useremala, na Matilda alibaki Kihesa alikoolewa na Tadeo, fundi cherehani. Mungu hakuwajalia mtoto. Matilda alishuka kwenye basi Mwanjelwa akiwa amejaa vumbi hadi kwenye kope, na kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshawafanya watoto wote wanne wacheke.

Asubuhi ya kwanza Tupokigwe aliamka kama kawaida, akatoa kibuyu, akaita watoto kwenye sala. Hakuna aliyekuja. Alipotoka nje aliona maji yamekwisha kutekwa, na madebe mawili yanachemka kwa ajili ya shangazi kuoga. Sedekia, ambaye kwa kawaida punje ya kuni ilimtia homa, alikuwa anapasua gogo la mkaratusi huku Matilda amesimama kando yake na kikombe cha bati mkononi.

“Kamwene, fundi,” Matilda alimsalimu kwa Kihehe, kama mtu anavyomsalimu mwanamume aliyemkuta kazini.

“Kamwene, shangazi,” Sedekia alijibu, akapiga shoka kwa nguvu zaidi. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita fundi.

Tupokigwe alirudi ndani na kibuyu chake. Alijiambia kwamba mgeni huheshimiwa, na kwamba watoto wamefanya vema. Kisha akatoka tena, akachukua ufagio, akafagia upya uwanja ambao Andendekisye alikuwa amemaliza kuufagia.

Siku zilizofuata zilimtesa kwa mambo madogomadogo. Lutengano alikwenda mtoni mara tatu bila kutumwa, kwa sababu shangazi alisema maji ya Mbeya ni matamu. Andendekisye alilala kitanda kimoja na shangazi. Lusia alimsuka shangazi nywele kwenye jua la saa nne, na katika kumsuka alizungumza. Alizungumza maneno mengi kuliko aliyoyasema jikoni kwa mwezi mzima. Tupokigwe, akiwa ndani anachekecha unga, alisimamisha chekecheo ili asikie. Alimsikia binti yake akieleza ndoto aliyoiota juu ya nyumba yenye ngazi. Ndoto ile yeye hakuambiwa.

Jumapili moja, kati ya uji na kengele ya kanisa, alihesabu neno “shangazi” likitajwa mara thelathini na moja.

Alianza kutafuta kasoro, na akaziona. Matilda alimenya viazi kwa ganda nene. Matilda aliacha ufagio umesimamia njiti zake. Matilda alikaa chini na watoto wakati wa kazi, akawasaidia na kuwasimulia hadithi, hivi kwamba haikujulikana nani mkubwa na nani mtoto. Tupokigwe alimweleza mumewe makosa hayo kwa utaratibu, moja baada ya jingine. Abrahamu alikuwa anapiga randa.

“Ni mgeni,” alisema.

“Wiki ya pili hii.”

“Basi ni mgeni wa wiki ya pili.”

Jirani yake, Lea, naye hakumwacha. Walikutana njiani kila mmoja na mzigo wake wa majani ya ng’ombe.

“Mama Kura, kibuyu kimestaafu? Naona siku hizi watoto wako wanakimbilia kazi wenyewe.”

“Wanamheshimu shangazi yao.”

“Nami ningependa kuheshimiwa hivyo. Wangu hata nikiwaonyesha fimbo wananiuliza nimeinunua wapi.”

Tupokigwe alicheka kwa adabu. Lakini usiku hakulala vizuri, na asubuhi alimjibu Lusia kwa ukali kwa sababu ya kijiko.

Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, wakiwa wamekula na Abrahamu amelegea kwa shibe, Matilda alisema lile alilokuwa amelileta tangu Iringa.

“Kaka, nimekuja na ombi. Nyumba yetu ni kimya. Tadeo anashona kutwa, mimi napeleka mboga sokoni Mlandege, jioni tunatazamana. Nipeni mtoto mmoja akae nami. Shule iko karibu, kanisa liko karibu. Nitamlea kama wangu.”

Kwa watu wa pande hizo ombi la namna hiyo halikuwa la ajabu. Mtoto ni wa ukoo, na shangazi asiye na mtoto ana haki ya kuomba. Abrahamu aliitikia kwa kichwa kabla dada yake hajamaliza. Ndipo alipokumbuka kumtazama mkewe.

“Mama watoto, unasemaje?”

Tupokigwe aliwageukia watoto, waliokuwa wamekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Alikuwa na hakika juu yao. “Waulizeni wenyewe,” alisema. “Nani anataka kuondoka kwao akakae Iringa?”

“Mimi,” alisema Sedekia.

“Mimi,” alisema Andendekisye, akikumbatia goti la shangazi.

Lutengano alisema kwamba yeye angependa kuona basi lilivyo ndani. Lusia hakusema neno, lakini aliinua macho akamtazama Matilda, na Tupokigwe aliyaona macho hayo. Wote wanne. Alikuwa amewanyonyesha, amewafundisha kusoma herufi kwa kuzichora jivuni, amewaombea kila siku kwa majina, na mtu wa wiki tatu amewachukua wote kwa kusema “kamwene.”

“Basi kura itaamua,” alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu. “Alhamisi, kabla shangazi hajasafiri. Nitatia punje tano, nyeupe nne na nyekundu moja. Atakayetoa nyekundu atakwenda. Na kama zamani, ile ya tano inayobaki ni ya mama. Nyekundu ikibaki kibuyuni, hakwendi mtu.”

Matilda alifikiri kidogo. “Wifi, ni haki,” alisema. “Nitapokea Mungu atakachosema.”

Nataka msomaji aelewe kwamba Tupokigwe hakuwa mwongo. Kwa miaka mitano alikuwa hajawahi kugusa punje zile isipokuwa kuzitia kibuyuni mbele ya watoto. Lakini tangu Jumapili hadi Alhamisi kila alipofumba macho alimwona Lusia amekaa kwenye kigoda kingine, kwenye mafiga mengine, akimsimulia mwanamke mwingine ndoto zake. Alhamisi asubuhi, kabla ya kuwaita watoto, alitia kibuyuni punje tano nyeupe. Nyekundu aliiweka katikati ya vidole vyake viwili, akaifunika kwa kiganja.

Walisali. Abrahamu alisoma neno la siku. Kisha Lusia, akiwa mkubwa, alitia mkono wa kwanza.

Alikawia. Mkono wake ulizunguka ndani ya kibuyu polepole, ukasimama, ukazunguka tena. Alitoa punje nyeupe, akaiweka juu ya meza. Halafu akamtazama mama yake, si kwa hasira, bali kama mtoto anayemtazama mtu mzima aliyeteleza hadharani. Lutengano alitoa nyeupe. Sedekia alitia mkono, akashtuka, akamtazama Lusia; Lusia alimtikisia kichwa kidogo, naye akatoa nyeupe. Andendekisye alitoa nyeupe akaanza kulia.

Tupokigwe alikipindua kibuyu juu ya kiganja chake, akafungua mkono. Nyeupe ya tano ilikuwa imenaswa chini ya kidole gumba. Nyekundu ilionekana peke yake.

“Basi, Mungu amesema,” alisema Matilda. Aliinuka, akaenda kukunja nguo zake.

Mchana huo, jikoni, Lusia alikuwa anamenya viazi. Mama yake alikuwa anapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

“Mama,” alisema Lusia, “nyekundu haikuwamo.”

Tupokigwe aliendelea kupuliza, akasita. “Umejuaje?”

“Kwa vidole. Nyekundu ni pana. Nyeupe ni ndogo.”

Alisema hivyo kwa upole, kama anayemweleza mtu kitu kilicho wazi. Hapo ndipo Tupokigwe alipoliona kosa lake la miaka mitano. Alikikata kibuyu kwa hesabu ili jicho lisipite, vidole hakuvifikiria. Watoto wale walikuwa wamechambua maharage tangu wajue kukaa. Mtoto wa mlimani humfungi macho kwa maharage. Yeye mwenyewe angeweza kuyatenganisha gizani aina kwa aina, lakini hakuwahi kutia mkono wake ndani ya kibuyu kile.

“Kwa hiyo siku zote mlikuwa mnachagua.”

“Tulipangana, Mama. Tangu zamani. Lutengano anapenda mtoni kwa sababu ya wenzake. Sedekia hapendi chochote, kwa hiyo tulimpa kuni, anaweza kukaa huko vichakani hata ukimwita. Andendekisye anafagia kwa sababu ni rahisi. Siku moja moja tunabadilishana ili usishtuke.”

“Na wewe jikoni. Ulipataka.”

“Ndiyo.”

“Kwa nini?”

Lusia alikigeuza kiazi mkononi. “Kuna joto,” alisema.

Tupokigwe alisubiri kama kuna neno la pili. Halikuja. Asubuhi za Mbeya ni baridi, jambo hilo hakuna anayeweza kulikana. Alikaa pale akishindwa kujua kama acheke au alie, na hatimaye hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Aliongeza maji kwenye sufuria.

Siku ya Ijumaa, kabla ya saa ya basi, walipokuwa wamekaa kunywa chai, alisimama mbele ya mumewe, wifi yake na watoto.

“Kura ya jana ilikuwa ya uongo,” alisema. “Nyekundu ilikuwa mkononi mwangu.”

Abrahamu aliweka kikombe chini. Watoto waliangalia sakafu, kwani wao walikuwa wanajua.

“Wifi,” alisema Matilda, “ungeniambia tu hapana. Ningekasirika mwaka mmoja, kisha ningerudi.”

“Neno hapana sikuwa nalo. Nilikuwa na wivu.”

“Wivu wa nini? Wewe una wanne.”

“Huo huo. Nina wanne, na wote wanne walisema mimi, mimi.”

Tupokigwe alimgeukia Lusia. “Sasa nakuuliza bila kibuyu. Unataka kwenda na shangazi yako?”

Binti alishika ncha ya kanga yake akaivingirisha kidoleni. “Nataka,” alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyeshindwa kuisikia.

“Kafunge mzigo.”

Alimfungia mzigo yeye mwenyewe, maana Lusia alikuwa anafunga vibaya kwa haraka. Alimtilia blanketi, nguo mbili, Biblia ya shule, na chupa ya mafuta ya samli. Aliwasindikiza hadi Mwanjelwa akiwa amebeba mzigo huo kichwani, akakataa kusaidiwa. Basi lilipoondoka alikuwa wa kwanza kugeuka. Sedekia, aliyetembea nyuma yake, alisema baadaye kwamba mama alipanda mlima ule kwa kasi kuliko mtu anayefukuzwa.

Kibuyu alikitilia chumvi. Watoto waliobaki waliendelea na kazi walizojipangia, na yeye akachukua jiko lote. Jina lake, hata hivyo, halikutaka kubadilika. Majina ya namna hiyo hayasikilizi habari mpya.

Barua zilikuja kila mwezi. Lusia aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba hajambo, shangazi hajambo, mumewe Tadeo hajambo, na kwamba Kihesa kuna upepo. Tupokigwe, ingawa alijua kusoma, alimtaka Lutengano amsomee barua hizo mara mbili, na kila mara alisikiliza neno lile lile, “shangazi,” kama mtu anayebonyeza jino bovu ili ajue kama bado linauma. Lilikuwa linauma. Alipoteza mwaka mzima akiwaza jinsi binti yake anavyoruka asubuhi kwenda kumchemshia Matilda maji.

Agosti mwaka 1955, baada ya mavuno, aliomba ruhusa kwa mumewe akapanda basi kwenda Iringa. Alisema anakwenda kumsalimu wifi.

Alifika Kihesa jioni, na Lusia alimwona toka mbali. Binti alikuwa amerefuka. Alikimbia, akapokea mzigo, akapiga goti, akasema shikamoo. Akamketisha mama yake kwenye kiti chenye mto, akaleta maji ya moto kwenye beseni, akamwosha miguu. Alimkaangia mayai mawili. Alimpa kikombe cha udongo chenye maua, ambacho wenyeji wenyewe hawakukinywea. Kila Tupokigwe alipojaribu kuinuka, Lusia aliwahi. Usiku ule mama alilala akiwa ameshiba ushindi. Matilda alikuwa ameachwa kabisa. Hata chai alijimiminia mwenyewe.

Siku ya pili, akiwa amekaa barazani, alisikia Matilda akiita kutoka jikoni.

“Lusia. Maji.”

“Nakuja.”

Punde Matilda aliita tena. “Lusia, mwanangu, maji ya mboga.”

“Nakuja, shangazi.”

Tupokigwe aliitambua “nakuja” ile. Ilikuwa ya nyumbani kwake hasa, ile ya mtu ambaye hajainuka. Baada ya mara ya tatu Matilda alitoka mwenyewe na ndoo, akapita barazani, akaketi kidogo kando ya wifi yake kana kwamba ameishiwa nguvu.

“Wifi, nikuambie ukweli? Mtoto huyu ni mzito kutumwa. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa anaruka kama swala. Sasa mpaka niite mara tatu. Juzi nimemwambia afue, akanijibu kwamba mawingu hayaeleweki.”

“Na ukimwambia kamwene?”

“Ananijibu kamwene, halafu anakaa.”

Tupokigwe alishika kanga yake akaziba mdomo. Furaha iliyompanda kifuani haikuwa ya Kikristo, naye alijua, lakini aliiacha ipande mpaka ikaisha. Matilda alikuwa anamtazama.

“Cheka tu. Nami nilikucheka kule Mbeya, moyoni. Nilisema, wifi ana kibuyu, mimi nina ulimi. Sasa niambie ulikuwa unafanyaje.”

“Nilikuwa nadhani nafanya,” alisema Tupokigwe. “Walikuwa wanafanya wao.”

Siku nzima iliyobaki aliwatazama. Aliona Lusia akinung’unika kwa Matilda kuhusu chumvi. Aliona Matilda akimpiga kofi dogo la begani na Lusia akikwepa huku anacheka. Aliona binti akitupa viatu mlangoni bila kuvipanga, kama mtu anavyotupa viatu kwao. Kisha Lusia alimgeukia mama yake, akanyoosha mgongo, akauliza kwa adabu kama mama atapenda chai sasa au baadaye kidogo. Tupokigwe alijibu baadaye kidogo. Furaha ya asubuhi ilikuwa imemtoka. Alikuwa ameyapata yote aliyomwonea Matilda wivu, maji ya moto, kikombe kizuri, mtoto anayekimbia bila kuitwa, na yote alikuwa amepewa kwa sababu katika maisha ya binti yake yeye sasa ndiye mgeni.

Siku ya tatu, baada ya kifungua kinywa, Matilda alikwenda Mlandege na mboga zake. Lusia alikusanya vyombo, akavipeleka nyuma ya nyumba. Sufuria ya uji ilikuwa imeshika chini, ukoko mweusi kwa unene wa kidole. Alipogeuka kuchukua maji alimkuta mama yake amekwisha kaa kwenye kigoda, amefunga kanga kiunoni, na sufuria iko katikati ya magoti yake.

“Mama, acha. Wewe ni mgeni.”

“Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe.”

“Shangazi atanisema.”

“Mwache akuseme. Ndiyo kazi yake. Lete jivu.”

Lusia alisimama kidogo kama anayetaka kubisha, kisha akaenda jikoni. Alirudi na jivu kwenye kigae, akakaa chini mkabala na mama yake, akaanza kuosha vikombe. Hawakuzungumza. Upepo wa Kihesa uliwapeperushia jivu miguuni. Baada ya muda Lusia alisema, bila kuinua kichwa, kwamba ile nyumba yenye ngazi ameiota tena, na safari hii ngazi zilikuwa zinashuka.

“Kwenda wapi?” aliuliza Tupokigwe.

“Sijui. Niliamka.”

Tupokigwe aliimwagia sufuria maji, akasugua kwa jivu, akamwaga, akasugua tena pembezoni ambako ukoko hukaidi. Alipitisha kidole ndani kuhakikisha, akaisuuza mara mbili, akaiinamisha juu ya kichanja ikauke.